Neno Linalowasha

Jumapili, 1 Desemba 2024
Mvua ya kwanza ya maana. Kopo limeshika milimita kumi na nane. Daftari hili ni la mvua. Mke wangu Elizabeti amenipa ili niache kuandika vipimo ukutani karibu na swichi. Shamba letu la mahindi liko Iyula na kopo liko hapa Chapwa, kwa hiyo kila mwaka napima kwa uangalifu mkubwa mvua isiyonyesha shambani kwangu. Elizabeti anasema hiyo ndiyo picha kamili ya elimu yangu.

Jumatano, 4 Desemba
Milimita nne. Sina habari.

Jumamosi, 7 Desemba
Milimita tisa, na leo nimefanya kazi ya kisomi.

Kwaya yetu itatimiza miaka arobaini Pasaka. Mama Atuganile, mwenyekiti, anataka sare ya kitambaa kinachocheza rangi kama shingo ya njiwa: ukisimama huku kijani, ukisogea kule zambarau. Kitambaa hicho alikiona Nesta, mdogo wake Elizabeti, ambaye cherehani yake iko kwenye baraza la stationery yangu. Alikiona ng'ambo ya mpaka, Nakonde, lakini mama mwenye duka alikuwa amebakiwa na kipande ambacho kisingetosha hata mkono mmoja wa Raphaeli wa kwaya yetu. Tukaamua kuagiza China kwa simu ya Nesta. Huko kila kitu ni Kiingereza, na Kiingereza kikitajwa hapa Chapwa watu wote hunigeukia mimi. Nami, sitaki kusema uongo, huwa nimeshageuka tayari.

Muuzaji alituma maneno matatu tuchague: iridescent, opalescent, pearlescent. Picha zilikataa kufunguka, maana simu ilikuwa inarukia mtandao wa Zambia kila dakika. Nikachukua karatasi nikaandika rasimu kwanza, kama nilivyokuwa nawafundisha wanafunzi.

Nesta akasema, "Shemeji, lebo ya kile cha Nakonde iliandikwa hili la kwanza. Ilidesenti."

"Kwanza ni *iri*, siyo *ili*," nikamwambia. "Pili, mama, hilo linatokana na *irritate*. Kuwasha. Unataka soprano wajikune mbele ya mchungaji?"

Akacheka mpaka sindano ikamdondoka. Lakini hakuacha. "Mimi naona kama ndilo lenyewe, shemeji."

"Nimefundisha Kiingereza miaka kumi na tisa, Nesta."

"Haya. Wewe ndiye unayejua."

Pearlescent nikaliacha kwa kuwa ni mambo ya lulu, na kwaya yetu haijionyeshi. Opalescent linajaza mdomo vizuri. Nikaliandika mwenyewe kwa kidole changu kwenye simu yake, nikabonyeza. Rasimu nimeiweka kwenye faili. Mimi huwa situpi karatasi.

Jumamosi, 14 Desemba
Milimita ishirini na mbili. Malori yamepanga foleni kutoka mpakani mpaka huku kwetu.

Jumatano, 25 Desemba
Krismasi, na kukavu. Nimekula sana.

Jumamosi, 11 Januari 2025
Milimita thelathini na moja. Kaka yangu amepiga simu kutoka Iyula: huko hakuna hata tone. Nimemsomea kipimo changu, akakata simu.

Alhamisi, 30 Januari
Milimita kumi na mbili. Nesta anashona sare za shule, cherehani haipumziki. Nimezoea kuchapa barua za watu kwa mdundo wake.

Jumamosi, 15 Februari
Sijapima mvua. Imenyesha nyingi.

Mzigo umefika. Tuliufungulia kwenye chumba cha mazoezi, watu wote ishirini na sita wamesimama kuuzunguka kama mtoto mchanga. Ezron, mwalimu wa kwaya, ndiye aliyekata kamba. Kikatoka kitambaa cheupe. Cheupe kama maziwa yaliyoongezwa maji, chenye kung'aa kwa mbali, na ukikitazama sana unaona ubluu kidogo, kama umejificha ndani. Hakikuwa kibaya. Ila hakuna njiwa aliyewahi kuwa na shingo ile.

Raphaeli, anayeimba besi pamoja nami na kutengeneza majeneza pale njia panda, akakishika kwa vidole viwili, akakisugua.

"Hiki nakijua," akasema. "Ndicho ninachokipiga ndani, pale anapolala mtu."

Mama mmoja wa alto akaachia pembe aliyokuwa ameishika. Mwingine akafuta mikono kwenye kanga.

"Nani aliagiza?" akauliza Mama Atuganile. Hakupaza sauti. Yeye akikasirika huwa anapunguza.

"Iliagizwa kwa simu ya Nesta," akasema Ezron.

Nesta alikuwa mlangoni. Hakuangalia watu, aliniangalia mimi. Hakunikazia macho, aliniangalia kama mtu anayekupisha ili upite kwanza.

Na mimi nikapita. Nitaandika nilichosema, neno kwa neno, kwa kuwa daftari hili ni la vipimo. Nilisema: "Unajua, simu hizi za siku hizi zina tabia ya kubadilisha maneno zenyewe."

Ndiyo hiyo tu. Sikumtaja mtu. Nilipoisema nilijiona hata mwerevu.

"Sasa kama simu inabadilisha maneno," Mama Atuganile akamgeukia Nesta, "na Mwalimu Barnaba yupo hatua mbili kutoka kwenye cherehani yako, ulishindwa nini kumwuliza, mwanangu?"

Nesta akashika mkoba wake kwa mikono miwili, akasema, "Nisameheni, mama."

Wameamua sare ishonwe na fundi mwingine, mjini. Kitambaa wataangalia cha kufanya. Nesta aliondoka kabla ya sala ya kufunga. Mimi nilibaki, nikaimba besi yangu yote.

Jumapili, 16 Februari
Nimesema tumbo linauma. Elizabeti amenitengenezea uji, na nimeunywa.

Jumanne, 18 Februari
Milimita saba. Nimekwenda kwa mwenzangu wa zamani pale shuleni kuazima kamusi, maana yangu mchwa walianzia herufi H, na waliposhiba walikuwa wameshafika K.

Iridescent: chenye rangi nyingi zinazobadilika unapokiangalia kutoka upande mwingine. Neno linatokana na jina la kale la upinde wa mvua. Halihusiani kabisa na kuwasha. Moja lina r moja, lile jingine lina r mbili. Miaka kumi na tisa nimewachapa watoto kwa herufi moja.

Opalescent: weupe wa maziwa, wenye mwanga unaoelea ndani.

Kwa hiyo yule Mchina alitutumia tulichoomba, tena sawasawa kabisa.

Nimefungua faili. Rasimu ipo, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: *Iridescent, yenye kuwasha, HAPANA.* Hilo HAPANA nimelipigia mistari miwili. Nimeikunja karatasi, nikaiingiza ndani ya ile kamusi iliyoliwa. Nikawaza kwamba labda mchwa watamaliza kazi.

Jumatano, 26 Februari
Mvua siku nzima. Cherehani kimya. Wamama wawili wamekuja kuchukua sare za shule ambazo hazijashonwa. Mmoja aliniambia pembeni, "Mwalimu, ni shemeji yako, lakini hatuwezi kuwapeleka watoto kwa fundi sanda." Jina limeshapatikana, basi. Nikasema, "Aah, jamani." Huo ndio utetezi wote niliomtolea.

Jumapili, 2 Machi
Kumi na tano. Nesta hakuja kanisani.

Jumanne, 4 Machi
Nimempelekea kilo mbili za sukari. Akasema, "Asante, shemeji, ya nini?" Nikasema ya chai. Akasema, "Chai ya watu wangapi?" Nikarudi ndani kuchapa barua ya mtu anayeomba kazi. Nilimwandikia kwamba yeye ni mwaminifu.

Jumapili, 9 Machi
Milimita arobaini, sijawahi kupima nyingi hivi. Baada ya ibada nilipita kando ya malori. Dereva mmoja alikuwa amemwaga dizeli, na maji ya mvua yamesimama kwenye mashimo. Juu ya maji kulikuwa na kijani, zambarau, dhahabu, vinazunguka taratibu. Nikasogea hatua moja, kijani kikawa waridi. Nikarudi, kikarudi. Shingo ya njiwa yenyewe. Nimeyaruka madimbwi hayo tangu nikiwa kijana, nikilalamikia viatu.

Nikachuchumaa. Dereva akatoa kichwa. "Mzee, umedondosha nini?"

"Neno," nikamwambia.

"Litakuwa limeshazama hilo," akasema, akapandisha kioo.

Alhamisi, 13 Machi
Kavu. Cherehani kimya. Barua nazichapa polepole, sina wa kunipigia mdundo.

Jumamosi, 22 Machi
Milimita sita.

Nimeungama, na mambo yameharibika zaidi.

Usiku kucha nilipanga maneno. Baada ya mazoezi nikasimama, na kwa sababu ndivyo nilivyo, mdomo wangu ukatangulia: "Ndugu zangu, shikilieni viti, leo Mwalimu anaungama." Wakaanza kucheka. Nikasema kosa la kitambaa si la Nesta, ni langu mimi, mimi ndiye niliyechagua neno. Wakacheka zaidi. Nikasema nilidhani neno la njiwa maana yake ni kuwasha. Raphaeli akajipiga mapaja. "Mwalimu, utatuua, na mbao zimeadimika!"

Nikasema, "Jamani, ni kweli."

Mama Atuganile akanyanyua mkono, kukatulia. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Mungu akubariki, Barnaba," akasema. "Wanaume wa kuwabebea shemeji zao aibu namna hii wameisha. Lakini yule binti abebe mwenyewe, ndipo atakua. Mpigieni Mwalimu makofi."

Wakanipigia. Ya kwaya, yenye mpangilio.

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa nimesimama bado, mdomo upo. Nikaketi. Ni kwamba makofi ni kitu kitamu, na mimi nilikuwa nimejiambia kwamba nimeshasema.

Jumapili, 23 Machi
Sijui mvua ni ngapi. Kopo limepinduka.

Habari za makofi zimemfikia Elizabeti kanisani. Tulipofika nyumbani alivua viatu, akaketi mbele yangu.

"Baba, nikuulize. Siku ile mzigo ulipofunguliwa, unajua mdogo wangu alikuwa na nini kwenye mkoba?"

"Sijui."

"Lebo. Ile ya Nakonde. Aliikata dukani kwa ruhusa ya yule mama, ili asisahau neno. Alikuwa nayo hapohapo mkobani."

Nikakumbuka mikono miwili, mkoba.

"Kwa nini hakuitoa?"

"Nilimwuliza hivyohivyo. Akasema, 'Dada, ningewezaje kumvua nguo mzee wa watu mbele ya kwaya nzima? Nilijua atasema mwenyewe.'" Elizabeti akainuka. "Alisubiri wiki ya kwanza. Alisubiri ya pili. Ulipompelekea sukari akajua kwamba husemi."

"Na wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu jioni ileile. Na mimi nilikuwa nasubiri, Barnaba."

Kuniita Barnaba, ameniita mara tatu tu tangu tuoane. Zile nyingine mbili tulikuwa msibani.

Nimekaa na daftari hili mpaka sasa. Nimesoma nyuma. Tarehe saba Desemba nimejiandikia *mimi huwa situpi karatasi*, kwa majivuno. Watu humu wananiita Mwalimu, nami nimekuwa nadhani jina hilo ni sifa. Nesta aliishia darasa la saba. Alisoma lebo, akaangalia kitambaa, akaviweka pamoja. Mimi nilisikia neno nisilolijua, nikaona ni aibu kusema silijui. Kutoka kwenye aibu hiyo ndogo nikazaa hii. Na nimekuwa nikimwonea huruma! Wiki tano namwonea huruma mtu aliyekuwa ananihifadhi mimi.

Jumatatu, 24 Machi
Nimetoa karatasi kwenye kamusi. Mchwa hawakuigusa. Hata wao.

Jumamosi, 29 Machi
Imenyesha tangu saa saba mchana, na inaendelea.

Safari hii sikutaka kuutumia mdomo wangu. Niliwasha mashine nikatoa nakala ishirini na sita za ile rasimu. Chini ya kila moja nilikuwa nimeongeza: *Hii ni hati ya Barnaba, tarehe 7 Desemba. Nesta alisema neno la kwanza. Alikuwa sahihi. Mimi nililifuta, na kidole kilichobonyeza simu ni changu. Simu haikubadilisha kitu.* Nikaingia kwenye mazoezi, nikagawa kama mtihani, nikasimama ubaoni.

Raphaeli alianza kutabasamu, kwa mazoea. Akafika kwenye HAPANA yenye mistari miwili. Tabasamu likamwisha.

Mwandiko wangu wanaujua. Nusu yao niliwafundisha.

Mama Atuganile aliisoma mara mbili, akavua miwani. "Kwa hiyo wiki iliyopita ulikuwa unasema kweli."

"Ndiyo, mama."

"Na tulipokupigia makofi?"

"Niliyapokea."

"Tumemwita fundi sanda," akasema. Hakuniambia mimi, alijisemea. "Mimi mwenyewe nilicheka lilipotajwa." Akachukua mwavuli. "Twendeni."

"Wapi, mama? Mvua yote hii?" Ezron akauliza.

"Wewe baki na kinanda chako."

Hakubaki mtu. Tukatembea kwenye tope mpaka kwenye baraza langu, miavuli sita kwa watu ishirini na sita. Nesta alikuwa anafunika cherehani kwa nailoni. Mama Atuganile akampa karatasi. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Tumekuja kukuomba radhi, mwanangu," Mama Atuganile akasema. "Na kazi tunairudisha kwako, ukikubali."

Nesta hakulia wala hakukimbilia kumkumbatia mtu. "Nimesikia, mama. Asante. Lakini Jumatatu mpaka Jumatano nakwenda ng'ambo. Mama wa Nakonde amenipa kazi. Huko hawaniiti jina." Wote tukatazama viatu vyetu. "Alhamisi nitaanza. Tutatumia hikihiki cheupe, muda wa kuagiza kingine haupo. Kola na mikono nitaweka zambarau, hakuna atakayefikiria jeneza."

"Mimi nitafikiria," Raphaeli akasema.

"Wewe fikiria kimyakimya, baba."

Ndipo akanigeukia. Nikasema, "Nesta, nimekukosea." Sikuongeza utani. Nadhani ni sentensi yangu ya kwanza isiyo na mkia.

"Ndiyo, shemeji," akasema. "Umenikosea." Akamalizia kufunga nailoni.

Alhamisi, 3 Aprili
Tano. Cherehani imeanza saa mbili asubuhi.

Jumatano, 9 Aprili
Kumi na moja. Wale wamama wawili wamepita. Mmoja amerudisha sare za mtoto zishonwe. Mwingine amesalimia tu, akaenda zake.

Jumamosi, 12 Aprili
Nimepimwa. Watu wote walipimwa na msaidizi wake. Mimi alisema nipimwe na yeye mwenyewe.

"Simama wima, shemeji. Wanaovaa kitambaa hiki huwa hawajikunji."

Nikasimama wima. Alipokuwa ananizungushia futi shingoni nikamwomba anifundishe tofauti ya yale maneno, maana kamusi naielewa lakini siioni. Akanitazama aone kama natania.

Akaonyesha barabarani, palipo na dimbwi. "Dizeli juu ya maji. Ukisogea inageuka. Hiyo ndiyo yangu." Akachukua kibakuli alichooshea mchele wa mchana, maji yalikuwa bado yamo, akakiinua kwenye mwanga. "Weupe, na kitu kimejificha ndani. Hiyo yako." Akafungua kopo la vifungo, akanipa kimoja cha shati la harusi. "Kimetulia, kinang'aa juujuu tu, hakijifichi wala hakigeuki. Hiyo tuliyoiacha."

"Umejua wapi haya yote?"

"Kwa kushika vitu, shemeji." Akaandika kipimo changu. "Shingo imenenepa."

Ijumaa, 18 Aprili
Ijumaa Kuu. Manyunyu, milimita mbili. Naona mvua zinaaga.

Jumapili, 20 Aprili
Pasaka. Sifuri. Anga safi.

Tumeimba. Jua liliingia kwa madirisha ya upande wa kulia, na kile cheupe kikatoa ubluu wake, kikatoa na moto kidogo, hasa soprano walipopumua kwa pamoja. Mchungaji alisifia sare kwenye matangazo. Mama Atuganile akasimama, akasema aliyezishona ni Nesta, na kwamba kosa la kitambaa halikuwa lake, na lilikuwa la nani wanakwaya wanajua. Kanisa lote likanitazama, maana wanakwaya wote walikuwa wameshageuka. Nesta aliimba alto, mstari wa pili. Hakugeuka.

Ila mimi sikuimba vizuri. Tangu ubeti wa kwanza kitu kilinikwaruza nyuma ya shingo, ndani ya kola. Nikajikuna mbele ya mchungaji. Nikajikuna wakati wa sala. Raphaeli akanong'ona, "Mwalimu, tulia, au una upele?"

Nyumbani nilivua shati, nikaigeuza kola. Ndani kumeshonwa kilebo kidogo kigumu cha nailoni, kwa mishono midogo, safi, pande zote nne, kisitoke. Kimeandikwa *iridescent*.

Kumbe linawasha kweli.

Elizabeti alicheka mpaka akakaa chini, kwa mara ya kwanza tangu Februari. Kisha akaleta wembe. "Lete nikitoe, baba, ni dakika moja tu."

Nimemwambia akiache.